Ukuta wa Chumba cha Mama Mkwe

Kwa miaka yote niliyokagua nyumba hapa Kabambare, ni nyumba moja tu ambayo sikuweza kuingia mpaka ndani, nayo ilikuwa ya mama mkwe wangu. Nimeingia kwa wafanyabiashara wakali. Nimeingia makanisa ambayo wenyewe hawakutaka nipande kutazama mbao za paa. Nimeingia hata choo cha mkubwa mmoja ambaye simtaji kwa kuwa bado ananisalimia. Lakini chumba alicholala mama mkwe, kwa miaka mingi, hapana.

Mimi ni mtu wa Kasongo. Nililetwa Kabambare na kazi, nyuma ya pikipiki, nikiwa na matope hadi magotini na mkoba wenye timazi, nivo ya kupimia usawa na mita. Ofisi yetu ni ile ya mambo ya ujenzi katika teritori, yaani wilaya. Watu huiita urbanisme tu, na mimi wananiita Papa Urbanisme, hata watoto wadogo. Kazi yenyewe ni kuzunguka na kutazama: nani anajenga kwenye njia ya maji, nani amepandisha ukuta bila msingi, darasa gani limeanza kupasuka na walimu wanajifanya hawaoni. Nguvu zetu si nyingi. Hatuna mashine ya kubomoa, hatuna askari. Tuna kopo la rangi nyekundu. Nyumba ikiwa ya hatari tunaichora msalaba ukutani, halafu tunamwomba Mungu ampe mwenye nyumba akili.

Sijawahi kuwa mpole kazini, nalisema wazi. Mtu akiniambia "tunajenga hivi tangu zamani," damu inanipanda. Nimegombana na mafundi, nimegombana na machifu, na mara moja niligombana na bwana harusi siku ya harusi yake kwa sababu kibanda cha wageni kilikuwa kinayumba. Mke wangu husema nilizaliwa nikiwa tayari nimekasirika. Labda. Lakini nyumba ya udongo haisubiri mtu mwenye maneno matamu amalize kuongea.

Sasa mama mkwe. Kwa watu wa mke wangu, kama ilivyo kwetu Kasongo, mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hatuli pamoja. Nikimwona anakuja, naacha njia, naye anajifanya anatazama mihogo ya jirani. Nikiwa na neno, nalipitisha kwa mke wangu, na mke wangu analipeleka hata kama mama yake amesimama pale pale na amesikia kila kitu. Chumba chake, kitanda chake, blanketi lake, hayo ni mambo ambayo macho yangu hayakuruhusiwa kuyafikia. Naye kwa upande wake hawezi kulala chini ya paa langu. Akija kuwaona wajukuu anakaa uani, anakunywa maji, na jua likianza kuteremka anaaga. Mchungaji wetu anahubiri kwamba hizi ni desturi za giza. Nimemwona kwa macho yangu akijificha nyuma ya kanisa mama mkwe wake alipopita.

Nyumba yenyewe iko upande wa juu wa mji, mahali njia ya mashamba inapoanza. Baba mkwe, ambaye sikumkuta hai, aliijenga kwa matofali mabichi, kuta nene, kazi ya mtu asiye na haraka. Paa la kwanza lilikuwa la majani, na lilishuka chini hata ikabidi mtu ainame kuingia. Chini ya paa kama lile ukuta wa udongo unaweza kuzeeka salama, maana mvua inamwagika mbali na miguu yake.

Kisha kitinda mimba wao, kijana wa kiume pekee aliyebaki nyumbani, akaenda kuchimba dhahabu upande wa Lusangi. Msimu mmoja alibahatika. Wengine wakibahatika wananunua pikipiki, au wanakunywa hadi viatu. Yeye alirudi na bati. Zilikuja juu ya baiskeli, zimefungwa kwa kamba za mpira, na alizisukuma kwa mkono njia yote ile mbaya. Alipanda juu mwenyewe, akayatoa majani, akapigilia bati huku mama yake amesimama chini akimwimbia. Mimi wakati ule nilikuwa nimeoa karibuni. Niliambiwa kwamba mama mkwe alikaa uani siku nzima akingoja mvua inyeshe, ili asikie tu zinavyolia.

Bati hazikutosha. Na hapa kuna kosa ambalo nimeliona kwenye nyumba nyingi mno za nchi yetu, nami limenizeesha. Mtu akipata bati anataka zifunike vyumba vingi iwezekanavyo. Kuziacha zitokeze nje ya ukuta anaona ni kuzipoteza, kufunika hewa. Basi paa linakatwa pale pale ukuta unapoishia, nyumba inapendeza, majirani wanasifu, na maji yote ya mvua yanaanza kumwagika juu ya miguu ya ukuta. Udongo unakunywa. Haufi siku hiyo wala mwaka huo. Unakunywa taratibu, na mwenye nyumba anakaa ndani akifurahia bati zake.

Kijana alirudi machimboni, na shimo likamfunika. Walimleta nyumbani kwa machela. Sitasema mengi juu ya msiba ule, ila kwamba tangu siku hiyo mama mkwe hakutaka mtu aguse paa, hata msumari uliolegea. Kila aliyependekeza kurekebisha kitu alijibiwa hivyo hivyo, kwamba ile ni kazi ya mikono ya mwanawe na haina kasoro.

Mwanzo wa msimu mmoja wa mvua nilikuwa natoka kukagua kiwanja cha mtu kule juu, nikapita nyuma ya nyumba yake. Kwa desturi nilipaswa kutazama upande mwingine. Lakini jicho la kazi halina adabu. Ukuta wa pembeni, ule unaopanda hadi kileleni mwa paa, ulikuwa na tumbo. Chini ulikuwa umetoka nje, juu umeingia ndani, na kwenye pembe umeachana na ukuta wa mbele kwa ufa uliopanda kutoka chini mpaka juu. Nilitoa timazi nikaishikilia juu kadiri ya mkono wangu. Kamba haikuning'inia. Ililala juu ya tumbo la ukuta.

Ukuta wa namna ile ukikatika, sehemu ya chini inateleza nje na sehemu ya juu inaanguka ndani. Na ndani, nyuma ya ukuta ule, kulikuwa na chumba ambacho sikuruhusiwa kukijua. Nilitoka pale mbio kwenda kumwita mke wangu.

Tulirudi pamoja. Mama mkwe alikuwa ndani, karibu na dirisha lake dogo la mbao. Mimi nilibaki nje nyuma ya ukuta, na mke wangu akasimama pembeni, mahali ambapo aliweza kutusikia sote wawili.

"Muulize kama ile ufa inapita mpaka ndani," nilisema.

"Mama, anauliza kama ufa inapita mpaka mu nyumba."

"Mwambie ukuta iko muzuri," sauti ikajibu.

"Anasema ukuta iko muzuri."

"Nimesikia. Mwambie atie kidole pale mu pembe. Kama inaingia, aseme."

Mke wangu akapitisha. Nikasikia mkono ukipapasa udongo upande wa pili. Tulikuwa tumeachana kwa unene wa tofali tu. Kwa miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kusimama karibu na mama yule kiasi kile.

"Haiingii," alisema. "Mwambie mukwe wetu asisumbuke, aende kazi."

"Muulize kitanda iko upande gani."

Mke wangu alinitazama kana kwamba nimevua shati katikati ya ibada.

"Ile mimi siwezi kuuliza," alisema.

"Ni ya lazima."

"Hata kama. Kitanda ya mama yangu, wewe unaitafutia nini?"

Kisha akashusha sauti, akageuka mbali na dirisha, na kuniambia kwamba kichwa cha kitanda kimegusa ukuta ule ule. Nikamwambia amwambie mama atoke leo hii, aje kwetu. Kutoka dirishani kukasikika kicheko kidogo, cha heshima kabisa, kama cha mtu aliyesikia mtoto akisema jambo la kitoto. Alale kwa mkwe wake? Watu wangesema nini, kwamba watu wa ukoo wake wameisha wote? Na ukoo wenyewe, kusema kweli, ulikuwa mbali. Dada yake na kaka zake wako vijiji vya mbali sana, na mashamba na mbuzi wa mama mwenyewe wako hapa.

Ofisini nilimwomba mwenzangu aende badala yangu, kwa kuwa yeye si mkwe wa mtu yeyote pale. Alikwenda asubuhi akarudi mchana akinuka karanga za kukaanga. Mama alimpokea vizuri mno, akamketisha sebuleni, akamsimulia habari za baba yake ambaye walifahamiana, akamjazia karanga mfukoni. Chumba kile hakukiona, kwa sababu mama alimwambia kuku wanaatamia humo na wageni wanawashtua.

"Lakini sebule iko bien, iko muzuri," alisema mwenzangu.

Nilimwambia maneno ambayo si ya kuandikwa.

Yakabaki mambo mawili. Kunyamaza, kama mkwe mwema anavyonyamaza, na kungoja. Au kopo la rangi. Siku kadhaa sikulala vizuri. Kila wingu lililojikusanya nililiona limekuja kwa ajili ya ukuta ule. Mke wangu naye alikuwa hali chakula vizuri, na tukaanza kugombana kwa mambo madogo, chumvi, sabuni, kwa sababu jambo kubwa hatukuweza kugombana juu yake. Mama alikuwa wake. Mimi nilikuwa mkwe tu. Yeye alimwomba mama kwa machozi, kwa Kiswahili na kwa Kibangubangu, na mama akamjibu kwa lugha zote mbili kwamba hatoki.

Alasiri moja mbingu ikawa nyeusi upande wa mashamba, upepo ukaanza kurusha vumbi. Nilichukua kopo na brashi nikapanda kule juu. Mke wangu alinifuata nyuma akiniita nirudi. Majirani walikuwa wanaingiza nguo zao ndani, wakaziacha kwenye kamba ili waone. Mkwe anakwenda kuchora msalaba mwekundu kwenye nyumba ya mama mkwe. Jambo kama hilo hapa linasimuliwa hadi wajukuu.

Nilisimama mbele ya ukuta, nikachovya brashi. Mkono haukuinuka. Nilijiona vizuri sana jinsi nilivyo, mtu mzima na brashi yake, rangi inadondoka juu ya viatu, ndani ya nyumba mama mzee amekaa kimya akingoja kuona kama nitathubutu. Kisha tone la kwanza likagonga bati, na lingine, na hasira yangu ikanitoka mdomoni bila kupitia kwa mke wangu wala kwa mtu mwingine yeyote.

"Mama, toka mu hiyo nyumba," nilipiga kelele. "Toka sasa. Unataka tukutoe mu udongo, sawa vile walimutoa mutoto wako?"

Mke wangu alishika kichwa kwa mikono miwili. Jirani mmoja mwanamke akasema "Yesu" kwa sauti ndogo. Nikaokota kopo langu nikateremka nikiwa nimeloa, na ukuta haukuwa na msalaba wala chochote.

Niliona haya hadi masikio yakawaka. Lakini sikujuta, na sijutii hadi leo. Ningelisema tena.

Mvua ile ilikuwa fupi na ukuta haukuanguka. Asubuhi yake mke wangu, ambaye hakuwa amenisemesha tangu jana yake, aliniletea kuku jike mweupe, miguu imefungwa, akamweka mbele yangu. Sikuhitaji kuelezwa. Mkwe aliyevunja heshima anakwenda na kuku, anasimama mbali, mtu wa kati anamwombea msamaha, na ikikubaliwa kuku anapokewa na kila mmoja anarudi upande wake wa njia. Tulipanda pamoja, kuku mkononi mwangu.

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni juu ya kigoda chake. Nilisimama mbali, nikainamisha macho. Mke wangu alifungua mdomo aanze maneno ya kuomba.

"Hii kuku ni ya nini?" mama aliuliza.

Mke wangu akasema, "Mama, mukwe wako ame..."

"Sikukuuliza wewe. Mi namuuliza ule mwenye kuishika."

Sikujua macho niyapeleke wapi. Katika miaka yote hakuwahi kunielekezea neno moja kwa moja.

"Ni ya kuomba pole, mama," nilisema. "Nilivunja heshima."

"Mukwe hawezi kupigia mama mukwe kelele," alisema polepole. "Haijaonekana. Ni mutoto njo anapigia mama yake kelele. Wangu alikuwa ananipigia kelele kila siku, ju ya chumvi, ju ya maji, ju nilipita mu mvua bila kufunika kichwa. Tangu alikufa, hakuna mutu alinipigia kelele tena. Wote wananiongelesha polepole, kama vile niko mugonjwa." Akavuta kitenge chake begani. "Rudisha kuku yako. Ingia, uone ile ukuta."

Mke wangu alikaa chini pale pale kwenye kizingiti. Mimi niliingia nikimruka.

Kilikuwa chumba kidogo, safi sana, kikinukia udongo mbichi. Kuta za ndani hapa hupigwa udongo na wanawake, ni kazi yao na fahari yao, na mama huyu alikuwa na mkono mzuri. Lakini kwenye pembe, kuanzia sakafuni hadi juu ya kichwa changu, palikuwa na mstari mpana kuliko kiganja, tabaka juu ya tabaka, laini kabisa, na tabaka la mwisho lilikuwa halijakauka. Nilibonyeza. Kidole kikazama chote, na nilipokitoa mwanga wa nje ukaingia.

"Mama, ulisema kidole haiingii."

"Haikuingia," alisema kutoka mlangoni. "Nilikuwa nimeziba asubuyi."

"Unaziba kila siku?"

"Kila asubuyi. Na kila asubuyi naikuta imefunguka tena."

Kwa hiyo alijua. Alijua kabla yangu. Ule ukuta haukumdanganya hata siku moja, na alilala chini yake huku akijua. Nilimgeukia, na safari hii sikupiga kelele.

"Sasa ju ya nini hukutoka?"

"Nitalala wapi?" alisema. "Kwa mukwe, mama mukwe hawezi kulala."

"Na kwa mutoto?"

Alitazama paa, zile bati.

"Kwa mutoto iko tofauti," alisema.

Sikungoja abadili mawazo. Nilikunja godoro lake, nikalifunga kwa kamba ya mbuzi, nikalitwika kichwani. Blanketi nikaliweka begani. Mke wangu alichukua sufuria na yule kuku mweupe, ambaye sasa hakuwa na kazi. Tukateremka mjini mchana kweupe, mimi mbele na godoro la mama mkwe kichwani, yeye nyuma yangu akitembea wima kama anakwenda kanisani. Watu walitoka madukani. Mzee mmoja alifunga macho kabisa ili asione. Dereva mmoja wa pikipiki alisimamisha abiria wake njiani akaniuliza kama nimepatwa na wazimu. Mama mkwe alimjibu badala yangu.

"Ule ni mutoto wangu. Wewe, mama ya kwako umemubebea nini?"

Basi akakaa kwetu msimu wote wa mvua. Wenye kufikiri kwamba nilipata mgeni mtulivu na mwenye shukrani hawajamjua. Nikiwa mkwe nilikuwa naheshimiwa, nikiwa mtoto nikaanza kutumwa. Leta maji. Fukuza mbuzi. Mbona unakula kama unakimbizwa? Kisha akaanza kukagua nyumba yangu. Akazunguka nje mikono nyuma, kama mimi kabisa nikiwa kazini, akaona kwamba choo kimesogelea mno jiko, kwamba mlango wa nyuma unalia, kwamba kona moja ya paa inavuja na mke wangu ameweka beseni miaka miwili. "Na huyu njo anatembea kukemea watu," aliwaambia wajukuu, wakaanguka kwa kicheko. Nilirekebisha paa siku iliyofuata. Choo nilikichimba upya mbali zaidi, nikinung'unika.

Tatizo lilikuwa moja. Ukuta haukuanguka. Mvua kubwa ilipita, ikaja kubwa kuliko ile, darasa la shule moja likalala chini bila mtu ndani, nyumba mbili za bondeni zikaenda, na ukuta ule ukasimama. Kila baada ya mvua mama aliniuliza, "Imeanguka?" Nami nilijibu, "Bado." "Haya," alikuwa anasema, na neno hilo moja lilinichoma kuliko matusi. Mjini wakaanza kuniuliza njiani habari za ukuta wangu. Mwenzangu wa ofisini, yule wa karanga, aliniuliza mara nyingi kuliko wote. Mtu wa kazi yangu ana bahati mbaya hiyo. Akiwa sahihi na watu wakamsikia, hakuna kinachotokea, halafu anaonekana mwongo. Nitasema ukweli, kuna siku niliuangalia ukuta ule na kuuombea uanguke.

Yeye aliteseka zaidi yangu. Mimi nilichekwa tu. Mama aliacha nyumba ya mumewe, akaacha jina lake la mama mkwe ambaye hakuwahi kukosea, akalala chini ya paa la mwanaume aliyemwoa binti yake, na yote kwa ajili ya ukuta uliokuwa unamcheka. Asubuhi nyingine nilimkuta ameketi uani amegeuza uso upande wa juu wa mji. Sikumuuliza anafikiri nini.

Kiangazi kilipoingia alikubali tubomoe na kujenga upya, kwa sharti kwamba bati zitashushwa moja moja, bila kukunjwa, na zitarudi juu ya nyumba mpya. Nilimwahidi pia kwamba safari hii zitatokeza nje ya ukuta, na kama hazitoshi chumba kimoja kitapungua. Alisema chumba cha nini, yeye ni mtu mmoja.

Wajomba wa mke wangu walikuja kutoka vijijini, na majirani kadhaa, na yule mwenzangu wa ofisini. Nilipanga kazi mwenyewe. Kwanza bati, halafu mbao, halafu kuta, taratibu, kutoka juu, na mtu yeyote asisimame karibu na ule wa pembeni. Walicheka kidogo kwa huo woga wangu, lakini wakatii. Mama aliketi juu ya majani chini ya jua. Kila bati iliyoshushwa aliipokea, akaipangusa vumbi kwa pindo la kitenge, akailaza kando yake. Kwenye moja alikuta mahali ambapo msumari uliingia vibaya, ukang'olewa, ukapigwa tena. Alipitisha kidole juu ya tundu lile.

Bati zikaisha. Wakaanza mbao. Fundi aliyekuwa juu alifungua ile ya mwisho, iliyolala kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, akaiteremsha kwa wenzake, na yeye mwenyewe akashuka. Tulikuwa tumesimama wote uani tukinywa maji. Hakuna aliyekuwa ameugusa ukuta, hakuna aliyekuwa amenyanyua hata jembe.

Ulianza kama mtu anayekaa chini. Miguu yake ikateleza nje, na sehemu yote ya juu, ile nzito, ikaingia ndani ya chumba mara moja. Ardhi ilitupiga chini ya nyayo. Kisha vumbi, na watu wakikohoa, na mbuzi wakikimbia. Nilielewa papo hapo. Paa lilikuwa linaushika ukuta na ukuta unalishika paa, kama walevi wawili wanaorudi nyumbani, na ilikuwa imebaki mmoja achoke. Vumbi liliposhuka tuliona mahali pa kitanda. Matofali yalikuwa yamerundikana pale hadi kifuani mwa mtu.

Hakuna aliyenicheka. Mwenzangu wa ofisini alivua kofia. Mke wangu alianza kulia, akaenda kusimama mbali ili mama asimwone, na mimi, ambaye nilikuwa nimengoja siku hiyo miezi yote ili niwaambie watu maneno niliyoyaandaa, sikuyapata hata moja.

Mama mkwe aliinuka kutoka kwenye bati zake. Akaingia pale palipokuwa mlango, akasimama mbele ya rundo lile. Aliliangalia sana. Nilimfuata kwa sababu kuta nyingine zilikuwa bado zimesimama na sikuziamini. Nilitaka kumwambia atoke, nikaona mabega yake yanatikisika. Tangu msiba sikuwahi kumwona analia. Siku ya kuzika mwanawe nilikuwa nimesimama upande wa wakwe, nyuma, macho chini, kama inavyotakiwa.

Akajishusha polepole, akakaa juu ya tofali moja.

"Kule mu shimo," alisema, "mutoto wangu hakukuwa na mutu wa kumupigia kelele atoke."

Nilikaa chini kando yake.